Saa za Giza, Magomeni 2006

Ratiba ya kwanza ya mgawo wa umeme sikuisoma, nilisomewa. Baba mwenye nyumba yetu pale Magomeni Mapipa alikuwa mstaafu wa reli, na katika nyumba ile ya vyumba sita ndiye peke yake aliyenunua gazeti kila siku. Asubuhi hiyo, mwanzoni mwa mwaka 2006, alikaa barazani, akavaa miwani, akasoma majina ya mitaa kwa sauti ili wapangaji tuliokuwa uani tusikie. Hawa watakosa umeme mchana, wale watakosa usiku, kesho yake mnabadilishana. Kila orodha iliishia na maneno "na maeneo ya jirani". Mama muuza samaki, mpangaji wa chumba cha mwisho, aliacha kuparua akauliza: "Baba, sasa sisi ni Magomeni au ni maeneo ya jirani?" Mzee alirudia orodha yote kutoka juu, akakunja gazeti, akamjibu: "Tutajua jioni, mwanangu."

Nilikuwa fundi wa nywele katika saluni ya kike iliyotazamana na Barabara ya Morogoro. Miongo miwili imepita. Kila ninaposoma habari za mgawo ule nakuta megawati, mikataba na majina ya wakubwa. Sikuti namna watu walivyoishi ndani ya ile ratiba, na mimi naona ratiba ndiyo habari yenyewe. Giza tulikuwa tunalijua. Hata miaka ya 1990, nikiwa mtoto, mgawo ulikuwepo, na kila nyumba ilikuwa na kibatari kinachosubiri juu ya kabati. Safari hii tulipewa saa ya giza kwa maandishi, tukaiamini, tukaiwekea fedha.

Sababu ilianzia mbali na Dar es Salaam. Umeme wa nchi wakati ule ulitegemea maji: Kidatu megawati 204, Kihansi 180, Mtera 80, Pangani Mpya 68, Hale 21, Nyumba ya Mungu 8. Ukijumlisha unapata 561, mito ikiwa imejaa. Mtera, kwenye mpaka wa Dodoma na Iringa, ndilo bwawa la akiba. Maji ya Ruaha Mkuu na ya Kisigo hukusanywa humo wakati wa mvua, yakafunguliwa kidogo kidogo kwa mwaka mzima. Yakishazungusha mitambo ya hapo huteremka hadi Kidatu kuzungusha mingine mikubwa zaidi. Bwawa likijaa, usawa wa maji husoma mita 698.5 juu ya bahari. Mita 690 ndicho kiwango cha chini cha kuendeshea mitambo. Mvua za 2005 zilikuwa haba, na mwaka 2006 Mtera ikashuka chini ya alama hiyo. Kulikuwa na mitambo ya gesi ya Songo Songo pale Ubungo, iliyoanza kazi 2004, na ile ya mafuta ya Tegeta, lakini haikuweza kuziba pengo lote. Wateja wangu ambao hawajawahi kuvuka Chalinze wakawa wanaijua mita 690 kama wanavyojua nauli ya Kariakoo.

Namna umeme unavyokatwa nilielezwa na mume wa mteja wangu mmoja, fundi wa shughuli za gridi, ambaye nilimwita shemeji. Alikuwa akimsubiri mkewe kwenye benchi letu huku akijibu maswali ya saluni nzima kwa subira kubwa. Alitufundisha kwamba umeme wa gridi hauwekwi stoo: unaozalishwa sekunde hii unatumika sekunde hii hii. Mitambo yote ya gridi huenda sambamba, na umeme wake hupiga mizunguko 50 kwa sekunde. Matumizi yakizidi uwezo, mwendo hupungua. Ni kama watu wanaosukuma mkokoteni wenye mzigo mlimani, alisema: mmoja akiachia, waliobaki hulemewa, na wote mnarudi nyuma na mkokoteni wenu. Mitambo ina vifaa vya kujilinda, hivyo mwendo ukishuka mno hujitoa mmoja baada ya mwingine, na gridi yote huanguka. Kuiinua upya ni kazi ya saa nyingi. Kwa hiyo watu walioko zamu hukata mapema, kwa makusudi, kiasi kinachotosha kuwaokoa wengine.

Swali lililofuata lilikuwa langu. Nilimuuliza kwa nini wakate kwetu, na duka la ng'ambo ya barabara liendelee kuwaka.

"Shemeji, hakuna anayekata nyumba," alinijibu. "Tunakata laini."

Akachora kwenye karatasi ya kufungia rola. Umeme unafika mjini kwa msongo mkubwa, unaingia kituo cha kupoza, unatoka kwa laini za kilovolti 33 na 11. Kila laini inapita juu ya nguzo zake, ikilisha transfoma baada ya transfoma, na kila transfoma ina nyumba zake. Laini hizo zilivutwa miaka tofauti, kadiri mji ulivyopanuka, na hazikufuata majina ya mitaa wala mipaka ya kata. Upande mmoja wa barabara unaweza kutoka kituo kimoja, upande wa pili kituo kingine. Gazeti linaandika mitaa kwa sababu mitaa ndiyo wananchi tunayoijua, lakini anayefungua swichi anaona namba za laini. Maneno "na maeneo ya jirani" yalitoka hapo. Tangu siku ile niliacha kuuliza ninaishi mtaa gani, nikaanza kuuliza transfoma yangu ni ipi.

Mtaa mzima ulijifunza hivyo. Ndani ya wiki chache watoto wa Mapipa waliweza kukuonyesha kwa kidole nguzo ambapo laini yetu ilikoma na nyingine ikaanza. Vijana walivuta waya kutoka nyumba ya upande wenye umeme, wakaupitisha juu ya uchochoro kwa fito, ukawasha balbu na redio ya upande wa pili. Zamu ikigeuka, waya ukafanya kazi kinyume. Nilikuwa naziogopa nyaya zile, hasa mvua ikinyesha, zikining'inia usawa wa kichwa cha mtu mrefu. Hata hivyo sikumlaumu aliyezivuta.

Kulikuwa pia na nyumba ambazo hazikuonja mgawo. Laini yenye hospitali au pampu za maji haikatwi ovyo, na mwenye bahati ya kuning'inia kwenye laini hiyo alilala na feni yake. Hilo lilikuwa sawa, wagonjwa kwanza. Lakini kila laini inayosamehewa, mzigo wake unahamia kwa zisizosamehewa, na hizo zilikuwa zile zile: mitaa ya nyumba za kupanga, mafundi, wauza barafu, sisi. Mikocheni na Masaki giza lilipoingia walikuwa na majenereta makubwa ya dizeli nyuma ya ukuta. Kwetu waliojiweza walinunua vijenereta vya kubeba kwa mkono mmoja, vinavyochanganyiwa petroli na oili, vyenye kelele kuliko umeme vinavyotoa. Kimoja kilitosha balbu nne na televisheni. Hakikuweza kuendesha draya hata moja. Moshi wake ulijaa uani, na baba mwenye nyumba alipiga marufuku kukiwasha koridoni baada ya kusikia habari za watu waliolala nacho ndani na hawakuamka.

Saluni ikabadilisha siku yake yote. Kazi ya kusuka haihitaji umeme, hivyo saa za giza za mchana zikawa za yeboyebo na twende kilioni, tukikaa mlangoni kufuata mwanga. Kuweka dawa, kuseti na kukausha vikasubiri zamu ya umeme, na zamu ikiwa ya usiku tulifanya kazi usiku. Dada mwenye saluni alibandika ratiba ukutani, akawapangia wateja kwa kuitazama. Nilitembea nyumbani saa 6 usiku nikipita mafundi wa kuchomelea wanaotoa cheche, mashine za nafaka zinazosaga, vinyozi walio wazi na foleni ya wanaume, na mama wa chapati amewasha jiko kwa ajili yao wote. Mchana uliofuata watu wale wale walisinzia kwenye viti vyao. Jiji lilikuwa limegeuza usingizi wake, na lilifanya hivyo bila kuamriwa na mtu yeyote, kwa sababu karatasi ukutani ilisema umeme utakuwepo saa fulani.

Luku zetu zilikuwa na yuniti. Naliandika hili kwa sababu wengi wamelisahau. Tulikuwa tumelipia kabla. Namba ilisomeka pale ukutani, fedha yetu imekaa ndani ya kile kisanduku, nasi tunanunua mshumaa.

Maji nayo yalifuata umeme. Mitambo ya Ruvu inasukuma maji kwa umeme, na mto wenyewe ulikuwa umepungua kwa ukame ule ule. Bomba likikauka, kichwa chenye dawa hakisubiri, kwa hiyo hatukupaka dawa mteja yeyote kabla ya kuhesabu madumu yaliyojaa. Bei ya dumu kwa wasukuma mikokoteni ilipanda kila ukame ulipozidi.

Hata kurudi kwa umeme kulikuwa na adabu yake. Sauti ya watoto, "Umerudiii!", ilivuka uchochoro mmoja hadi mwingine, na wasiojua waliwasha kila kitu. Shemeji alikuwa ametuonya. Laini iliyozimwa saa nyingi ikirudishwa, mafriji yote yanaanza kuvuta kwa pamoja, mapasi yaliyosahaulika yapo kwenye soketi, feni zote zinaanza kuzunguka. Mzigo wa dakika zile za mwanzo unazidi wa siku ya kawaida, fyuzi ya transfoma inakatika, na mtaa unarudi gizani ukiwa ndani ya zamu yake ya umeme. Hapo hakuna ratiba, mnamsubiri fundi na ngazi yake. Sisi tulichomoa kila kitu umeme ukikatika, tukaacha balbu moja tu; ikiwaka, tulisubiri itulie ndipo tukachomeka draya. Majirani wasiosubiri walipoteza friji na televisheni.

Yote hayo tuliyamudu. Tulichoshindwa kukimudu ni ratiba kuvunjwa.

Jumamosi moja tulikuwa na bi harusi. Dada alimpangia siku hiyo makusudi, kwa kuwa kundi letu la mgawo lilikuwa limekosa umeme Ijumaa na Jumamosi mchana ulikuwa wetu. Nilimwosha dawa, nikamfunga rola, nikamkalisha chini ya draya. Ilikuwa saa 5 asubuhi draya iliponyamaza. Tulisubiri. Tukapiga simu ya dharura ya shirika la umeme, haikushikika. Iliposhikika tukaambiwa wanajua. Nikah ilikuwa alasiri, na nywele zile nzito hazikauki kwa upepo wa mlangoni. Dada akavuka barabara kwenda kwenye saluni ya ng'ambo, ambayo kwa miaka tulikuwa tunanyang'anyana nayo wateja hata kusalimiana ilikuwa taabu. Aliingia akasema, "Shoga yangu, nina mtoto wa watu, anaolewa leo." Mwenyewe akainuka, akamwondoa mteja wake chini ya draya.

Tulimvusha bi harusi Barabara ya Morogoro na rola zake kichwani, amefunikwa kanga mbili, mimi nimeshika mkono mmoja na somo wake mkono wa pili. Daladala zilisimama. Madereva wakapiga honi, na abiria wanawake wakatoa vigelegele madirishani. Alifika kwenye nikah kwa wakati. Kuanzia juma lile saluni mbili zikawa na mkataba wa mdomo: kwenu kukizima mje kwetu, kwetu kukizima tuje kwenu, na mapato ya kichwa kilichovuka yagawanywe nusu kwa nusu. Tulikuwa kwenye laini mbili tofauti, na kwa kuunganisha laini hizo mbili tulipata ratiba iliyo ya kweli kuliko ya gazeti. Naona hadi leo kwamba ule ulikuwa uamuzi bora kabisa uliofanywa na mtu yeyote kuhusu umeme mwaka ule katika mtaa wetu.

Mama wa samaki hakuwa na ng'ambo ya kuvukia. Alinunua soko la Feri alfajiri, akakaanga jioni, na waliobaki akawahifadhi kwenye friza aliyoipata kwa mkopo wa kikundi wenye marejesho ya kila wiki. Mgawo ulipoanza alijifunza kuisoma ratiba kuliko sisi sote, ingawa hakujua kusoma. Mwanawe wa darasa la sita alimsomea, naye akaikariri. Usiku wa umeme alinunua samaki wengi, usiku wa giza wachache. Biashara ilipungua, ila haikufa. Kisha ukaja usiku uliokuwa wetu kwa maandishi, umeme haukuja. Na usiku uliofuata, haukuja tena. Alinunua barafu hadi barafu yenyewe ikakosekana. Usiku wa pili alikaanga kila kilichokaangika kwa mwanga wa kibatari, sisi wapangaji tukimshikia karai na kukatakata ndimu, akauza hadi saa 8 usiku kwa bei ya kutupa. Changu na vibua waliobaki walizikwa nyuma ya choo. Marejesho ya juma lile hakuwa nayo. Wanakikundi walikuja wakakaa uani kwa staha, wakamwambia, "Mama, tunajua, lakini nasi tunadaiwa."

Nilimuuliza shemeji, kwa hasira ambayo hakustahili yeye. Alinieleza kwamba ratiba huandikwa kwa pengo linalotarajiwa. Mtambo mmoja ukipata hitilafu, pengo linakua ndani ya dakika chache, na aliye zamu hukata laini yoyote iliyo karibu na mkono wake ili asiangushe nchi. Nilimwelewa na bado namwelewa. Ninachokikataa ni kimya kilichofuata. Redio zilikuwa hewani mchana kutwa. Mtu angeweza kusema saa 10 alasiri kwamba Magomeni usiku wa kesho haitapata, na mama yule asingeshuka Feri na fedha yote. Mvua hatukumdai binadamu. Tulidai tuambiwe.

Juu kabisa, mambo mengine yalikuwa yanakwenda. Serikali ilizungumzia hata mvua ya kutengeneza, kwa utaalamu wa Thailand. Juni 2006 ulisainiwa mkataba wa mitambo ya dharura ya megawati 100 na kampuni ya Richmond. Mitambo haikuja kwa wakati, na Desemba mkataba ukahamishiwa kampuni ya Dowans. Kusini, kwenye bonde la Usangu ambako Ruaha Mkuu huanzia, wafugaji waliamriwa kuondoka na mifugo yao, kwa maelezo kwamba wanakausha maji ya Mtera. Mwaka uliofuata kijana mmoja Msukuma alikuja kulinda maduka ya mtaani kwetu, ng'ombe wa baba yake wakiwa wamefia njiani kuelekea Lindi. Alishangaa nilipomwambia kwamba umeme wa draya yangu ulitajwa katika sababu za kumhamisha. Baadaye nilifahamu kwamba watafiti wa maji walikwishaandika, kabla ya 2006, kuwa upungufu wa Mtera wa miaka ya 1990 ulichangiwa na namna maji yalivyofunguliwa katika mabwawa yenyewe. Kijana yule hakuna aliyemweleza hilo.

Vuli ya mwisho wa 2006 ilinyesha kwa nguvu, mito ikafurika, mabwawa yakapanda, na mgawo ukalegea hadi ukaisha. Hakuna aliyetangaza kwamba umeisha kwa namna ulivyotangazwa kuanza. Dada aliiacha ratiba ukutani miezi mingine mingi.

Februari 2008 Kamati Teule ya Bunge iliyoongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe ilisoma ripoti yake juu ya mkataba wa Richmond, na tarehe 7 Waziri Mkuu Edward Lowassa akatangaza kujiuzulu. Mawaziri wawili, Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha, nao wakajiuzulu. Saluni ilijaa siku hiyo, hata wasio na nywele za kushughulikia walikuja kusikiliza redio. Mama wa samaki aliingia na beseni lake, akasikiliza akiwa amesimama, kisha akauliza ikiwa katika ripoti hiyo ndefu kuna mahali wametaja waliopoteza bidhaa. Mteja mmoja, mwalimu, akamjibu kwamba ripoti ni ya mkataba, mama, si ya bidhaa. Alitaka kujua basi ripoti ya bidhaa itasomwa lini. Tulitazamana. Alibeba beseni lake akaenda kuuza, na kwa kuwa ripoti hiyo haikuandikwa na mtu, hesabu aliyonitajia mara nyingi ni hii: ndoo tatu za vibua, changu wakubwa kumi na mmoja, barafu ya siku mbili, mafuta ya taa, marejesho ya majuma matano, na friza yenyewe, iliyochukuliwa na kikundi kabla ya Idi.